Chawa Hao Aliwapata Kwangu

Ndugu Mhariri wa Jarida la Wadudu Wadogo,

KUHUSU: OMBI LA KUTAMBULIWA KUWA CHANZO CHA CHAWA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote mnaoishi chini ya dari moja, wenye miguu miwili na wenye miguu sita. Mimi si mgeni kwako ingawa hunijui. Koti jeupe ulilovaa sasa hivi nimelifua mimi. Mimi ni mkuu wa chumba cha kufulia cha hospitali, na kwa kuwa jumba lenu la makumbusho halina mashine yake, makoti yenu huletwa kwangu kila wiki katika gunia la bluu, nami huyarudisha yakiwa na wanga wa kutosha kusimama yenyewe bila mtu ndani. Lako ni lile lenye doa la wino mfukoni. Nimepambana na doa hilo miaka mingi na sijakata tamaa.

Mimi pia ndiye mama wa yule kijana wako wa chawa. Nasema mama, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

Aliyemzaa ni dada yangu, Mungu amrehemu, ambaye alifariki mtoto akiwa bado hajui kushika kidole cha mtu. Baba yake alimleta kwangu ndani ya beseni la plastiki, amefunikwa taulo, akasema anatoka mara moja tu na atarudi kumchukua jioni. Hakusema jioni ya lini. Kila tulipompigia simu alijibu kwamba yupo njiani, mpaka mtaa mzima ukamwita Bwana Nipo Njiani, na jina lake la kwenye vyeti likasahaulika. Wakati ule mimi nilikuwa msichana mwenye mchumba. Mchumba akaja, akakuta kitanda kimejaa mtoto, akasema atapisha kidogo. Amepisha hadi leo. Simlaumu mtoto hata chembe. Hakumsukuma mtu kwa makusudi, alikuwa anajinyoosha tu.

Basi nikalea. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea, nami nikaifanya kazi hiyo pamoja na ile ya mashuka. Mtoto alikulia kati ya makapu ya nguo, akasoma chini ya kamba za kuanikia, na alipokuwa mkubwa, badala ya kuwa daktari wa watu kama nilivyomwombea, akawa mtambuzi wa chawa wa ndege.

Nakiri mwanzoni nilicheka. Nilimwambia chawa ni chawa. Akaniketisha akanieleza, na tangu siku ile sijaweza kumtazama njiwa kwa amani. Kumbe kila aina ya ndege ina chawa wake wasiokaa kwa jirani, na kwenye ndege mmoja mna mitaa kabisa. Walio wembamba na warefu hukaa kwenye bawa, wakajibanza katikati ya nyuzi za manyoya ndege akijichokoa. Wanene wenye vichwa vikubwa hukaa shingoni, mahali ambapo mdomo haufiki. Wa shingoni akijikuta mkiani hana pa kushika. Mwanangu humnasa ndege kwa wavu, humpaka poda, humpapasa manyoya juu ya shuka jeupe (shuka ni langu, siku moja tutazungumza habari ya shuka), chawa huanguka, na ndege huachiwa aende zake akipiga chafya. Kisha chawa huwekwa kwenye spiriti, halafu kwenye kioo, halafu chini ya hadubini, na hapo mwanangu huhesabu vinyweleo vya mgongoni na kuchunguza sehemu za siri za dume, kwa sababu, anasema, ndizo zinazotofautisha ukoo na ukoo. Haya yote hunieleza mezani, kijiko kikiwa mkononi. Nilimlea kwa adabu zote nilizozijua, lakini sikujua kama kuna adabu ya jambo hilo, kwa hiyo humwongezea mchuzi na kumsikiliza.

Nimeeleza haya ili ujue kwamba simdharau chawa. La hasha. Malalamiko yangu yanatoka kwa mtu anayempa chawa heshima yake yote. Nayo ni haya.

1. Sentensi. Wiki iliyopita nilikuwa napiga pasi, na mwanangu ameketi juu ya kapu akinisomea makala yake mpya ili azoee kabla ya kuisoma mbele ya watu. Makala inamhusu chawa ambaye dunia haikuwa ikimjua, anayeishi kwa kekeo. Kekeo, kama ujuavyo kuliko mimi, ni ndege asiyejenga. Jike hungoja mnana atoke kutafuta chakula, huingia kiotani mwake, hutaga yai moja, huyo, ameondoka. Mnana wa watu akirudi hulilalia, huliangua, humlisha kinda wa wenyewe, na kinda huyo hukua mpaka mlezi hulazimika kumpanda mabegani ili amfikishie kiwavi mdomoni. Wazazi wenyewe muda wote huo wako mtini wanaimba. Mimi sina neno na hilo. Kila ndege na malezi yake, na si kazi yangu kumsema kiumbe ambaye sijawahi kumfulia. Nilikuwa nikiitikia huku nikinyoosha kola, na nilikuwa nimefurahi, Ndugu Mhariri, kwa sababu anasoma vizuri, na kusoma nilimfundisha mimi kwa lebo za sabuni.

Ndipo akasoma: "Katika muda wote wa malezi, mlezi hamwachii kinda hata chawa mmoja."

Niliweka pasi chini. Sikungoja sentensi inayofuata. Nilisema nakwenda kutazama sufuria ya wanga, nikatoka nje, na wala hapakuwa na sufuria motoni.

Mimi si ndege, lakini si mjinga vilevile. Mtoto aliyelelewa na mtu asiyemzaa anapoandika kwamba mlezi hamwachii mtoto kitu, tena kwa ushahidi wa hadubini, hana haja ya kutaja nyumba namba ngapi. Nimemwachia usingizi wangu. Nimemwachia ujana wangu mzima mzima. Nimemwachia hata pua. Watu husema ana pua yangu, ingawa najua kwa njia ya nyama pua ile ni ya dada. Leo naambiwa mbele ya wasomi kwamba hata chawa, kitu ambacho mtu humpa mwenzake kwa kukaa naye benchi moja, mimi sikuweza kumpa.

2. Jina. Nikiwa bado naliuguza hilo, jirani yangu mshonaji akaniletea habari kwamba chawa huyo mpya amepewa jina la Bwana Nipo Njiani. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Niruhusu nieleze alikotokea. Mwaka jana picha ya mwanangu ilitoka gazetini, amemshika kunguru na wote wawili wanatazama kamera kwa mashaka. Mwezi haujaisha, Bwana Nipo Njiani akafika. Njia ilikuwa ndefu lakini alifika, na tikiti maji kwapani. Alimkumbatia mwanangu, akalia kidogo, akasema damu nzito kuliko maji, akala chakula cha watu wawili. Zamani, kabla ya tikiti maji, alikuwa na desturi ya kutuma salamu redioni kila mwisho wa mwaka, akimsalimu mwanawe mpendwa popote alipo. Alikuwa anajua alipo. Alipo ni pale alipomwacha.

Sasa mwanangu amemwandikia kumwarifu kwamba chawa wa kekeo atabeba jina lake milele, akamwekea na nakala ya mchoro. Ndugu Mhariri, mzee huyo ameupeleka mchoro kwa mpiga picha ukakuzwa, akautilia fremu ya dhahabu, akautundika sebuleni juu ya televisheni. Chawa mkubwa kuliko mlango wa kabati. Nimeuona kwa macho yangu, maana nilijifanya nimekwenda kumjulia hali. Wageni wanapoingia huwaonyesha kwa fimbo: huyu ni mimi. Mchoro wenyewe, kwa kufuata utaratibu wenu, umechorwa nusu mgongo na nusu tumbo, upande mmoja chawa akionekana kwa juu na upande wa pili kwa chini, ili msomaji aone kote kwa mara moja. Mzee anadhani amechorwa hivyo kwa sababu ya heshima. Amemwagiza jirani yangu mshonaji suti ya rangi hiyohiyo ya chawa, hudhurungi iliyopauka, na jirani huyo, niliyemhesabu kama dada, amekubali kumpima mabega.

3. Kutofutika. Mwanangu aliwahi kunieleza kwamba jina la mdudu likishachapwa halifutiki. Hata likikosewa hubaki. Yupo chawa mmoja anayebeba jina la ndege ambaye hajawahi kumkalia, kwa sababu mtu fulani wa zamani alichanganya vichupa, na mpaka kesho chawa wa watu anaitwa hivyo. Hutengwa chawa mmoja tu, akawekwa kwenye kioo chake ndani ya droo, akawa ndiye mwenye jina kwa niaba ya wenzake wote, na droo hufungwa. Mimi ni mtu wa madoa. Naijua dawa ya damu, ya wino, ya kutu na ya mchuzi. Doa hili halina dawa, na jarida lako linachapwa mwisho wa mwezi. Ndiyo maana naandika kwa haraka, na ukiona mwandiko umelala ujue mwandishi hakulala.

4. Ushahidi. Kwa kuwa ninyi ni watu wa ushahidi, sitaki mniamini kwa machozi. Natamka rasmi, nikiwa na akili zangu timamu na aproni yangu safi, kwamba mwanangu alipata chawa kwangu.

Alikuwa darasa la tatu. Alianza kujikuna Jumatatu, na kufikia Ijumaa alikuwa anajikuna kwa mikono miwili. Nilimketisha juu ya beseni lilelile aliloletwa nalo, nikamkanda kichwa kwa mafuta, nikamchana kwa kitana cha meno membamba juu ya shuka jeupe. Utaona kwamba shuka jeupe lilianzia kwangu, jumba lenu limefuata. Chawa walianguka mmoja mmoja, naye, badala ya kulia kama watoto wengine, alichukua kioo cha kusomea cha jirani akawatazama, akaniambia huyu ana tumbo jeusi na huyu hana. Nilimwambia awaponde. Akasema kidole kimoja hakivunji chawa, kama tunavyosema sote, akaomba nimsaidie, lakini kwanza awahesabu miguu. Sasa niambie, mtambuzi wa chawa alizaliwa wapi, mtini kwa kekeo au pale kwenye beseni?

Shahidi wa kwanza ni kinyozi wa mtaani kwetu, aliyemnyoa siku iliyofuata na kuchoma kitambaa. Shahidi wa pili ni jirani yangu mshonaji, ambaye kioo cha kusomea kilikuwa chake, na ambaye nitazungumza naye tena akishaacha kushona suti ile. Kinyozi amenikumbusha kwamba mwaka ule darasa zima lilikuwa na chawa na kwamba mimi ndiye niliyekwenda shuleni kumfokea mwalimu. Nimemwomba kinyozi asichanganye mambo. Inawezekana kabisa chawa walitoka kwangu, wakaenda shuleni, wakarudi. Chawa nao husafiri.

Natambua uzito wa ninachokiandika. Kwa miaka yote hii nimejivunia kwamba katika nyumba yangu hajawahi kulala chawa, kiroboto wala kunguni, na katika hospitali yetu kuna madaktari wanaonisalimia kwanza kwa sababu hiyo. Sifa hiyo naitoa sadaka leo, mbele yako, kwa hiari. Naomba ichapwe: chawa hao aliwapata kwangu.

5. Jaribio. Nilipoona ushahidi wa zamani unaweza kutiliwa shaka, niliamua kutafuta mpya. Mlinzi wa lango la hospitali anafuga kuku. Niliazima kwake kuku mmoja mwekundu ambaye, kwa maneno ya mlinzi mwenyewe, alikuwa na chawa wa kutosha watu wote. Nikaketi naye katika chumba cha kufulia wakati wa mapumziko, nimempakata, kisha nikamweka begani, kisha, kwa kuwa muda ulikuwa unakwisha, nikamweka kichwani. Nia yangu ilikuwa nipate chawa wachache wa dhati, nimkumbatie mwanangu akija kuchukua makoti, na suala liishe kisayansi.

Msimamizi wa hospitali aliingia akiongozana na wageni wa ukaguzi. Sitaeleza zaidi. Kuku alijieleza mwenyewe.

La kuumiza si hilo. La kuumiza ni kwamba hakuna chawa hata mmoja aliyenikubali. Walitembea kwenye mkono wangu, wakasimama, wakafikiri, wakarudi kwa kuku. Nilipomuuliza mwanangu kwa mbali, kana kwamba ni swali la mtu mwingine, alisema chawa wa kuku hawezi kuishi kwa binadamu, maana kwa binadamu ni ugenini. Kwake si kwake. Nilikaa na jibu hilo siku nzima. Kwake si kwake. Hivi ndivyo anavyoniona?

6. Mpangilio mpya. Baada ya kufikiri, nimeona kosa haliko kwa mwanangu bali kwenye mfumo wenu mzima wa kuwapanga chawa. Mnawapanga kwa umbo la kichwa, kwa vinyweleo, na kwa zile sehemu ambazo sitazitaja mara ya pili. Yote hayo ni mambo ya kuzaliwa nayo. Napendekeza kwa heshima kwamba kuanzia toleo lijalo chawa wote wa dunia wapangwe kwa malezi: nani aliwalisha, nani aliwafunika, nani aliamka walipokohoa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na sioni kwa nini chawa awe nje ya methali. Najua kwamba itabidi vioo vyote kwenye droo vibandikwe lebo upya. Nipo tayari kuja na wasichana wangu wanne wa zamu ya asubuhi. Tumezoea kutenganisha nyeupe na za rangi, na kwa siku chache tutakuwa tumemaliza wadudu wote mlionao.

Kama mpangilio huo utawashinda, nitaridhika na kidogo. Naweza kupokea chawa mwingine yeyote. Sichagui. Hata wa bundi. Hata chawa mwenye kasoro, aliyevunjika mguu wakati wa kuwekwa kwenye kioo. Hata kama ni mguu wenyewe tu.

7. Kiti. Hili ndilo zito, na nimeliweka mwisho kwa sababu kila nilipolianza kalamu iligoma. Siku ya uzinduzi wa toleo hilo, ambayo wewe ndiye mwenyekiti, mbele ya ukumbi kutakuwa na kiti kimoja kilichoandikwa MZAZI. Najua kwa sababu kitambaa cha kukifunika kililetwa kwangu kufuliwa. Nimekifua kwa mkono. Nimekipiga pasi pande zote mbili. Na Bwana Nipo Njiani amekwisha kuutangazia mtaa kwamba kiti hicho ni chake, kwa kuwa jina ni lake na damu ni yake. Mwanangu nilipomtazama usoni alisema tu, "Mama, ngoja siku ifike." Nimengoja mengi maishani, lakini yote niliyangoja nikiwa nimeketi kwenye kiti changu mwenyewe.

Ndugu Mhariri, nitasema wazi. Naogopa. Naogopa kwamba siku ile nitasimama nyuma ya ukumbi pamoja na wapishi, nikitazama kitambaa nilichokifua kimekaliwa na suti ya hudhurungi, na watu wakiuliza yule mama wa pembeni ni nani waambiwe ni dobi. Ni kweli mimi ni dobi. Ila siku ile moja nisingependa hilo ndilo liwe jibu.

Kwa hiyo naomba sentensi ifutwe, jina libadilishwe, na kiti kitazamwe upya. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ikiwa maombi haya hayatasikilizwa sitafanya fujo, maana si tabia yangu, lakini napenda ujue kwamba makoti ya jumba lenu yatapata wanga mara tatu ya kawaida. Wataalamu wako wataweza kusimama na wataweza kutembea, lakini hakuna atakayeweza kuinama kwenye hadubini mpaka mwaka ujao.

Nimalizie kwa kukuomba radhi kwa urefu wa barua na kukutakia kazi njema. Nisalimie mkeo, watoto, katibu wako mwenye koti lililokosa kifungo (kipo kwangu, nitakishona), dereva, mfagizi, kunguru wa gazetini kama bado yupo, na chawa wote, walio na majina na wanaosubiri.

Wako katika usafi,

Mama wa kijana wako wa chawa,
Mkuu wa Chumba cha Kufulia.

TANBIHI: Nilikuwa nimekwisha kuweka sahihi na barua iko juu ya meza ya pasi ikikauka wino, mwanangu akaingia kuchukua makoti. Sikupata nafasi ya kuificha. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwa kuku aliketi ndani ya kapu la mashuka, na alipofika kwenye mguu wa chawa alikuwa anacheka huku anajifuta macho na foronya ya wodi ya wazazi. Alipofika kwenye kiti aliacha kucheka.

Akaniuliza kwa nini nilitoka nje siku ile bila kungoja sentensi inayofuata. Nikasema wanga. Basi akanisomea pale pale, kwa kichwa, polepole, kama mimi nilivyokuwa nikimsomea lebo za sabuni. Sentensi inayofuata inasema kwamba kwa mlezi kinda hupata chakula, joto, makazi na ulinzi, mpaka siku anaporuka. Na kwamba akishakuwa mkubwa hukutana na ndege wa damu yake, na kutoka kwao hupata kitu kimoja tu, nacho ni chawa.

 Nikamuuliza kama alikuwa anajua anachofanya alipotoa jina lile. Akakunja koti lake akasema, "Mama, kila alichonipa yule mzee nimekiandika jina lake. Ulitaka nikuweke wewe hapo?"

Ndugu Mhariri, mtu anaweza kuwa na macho ya kuona doa la chai kwenye shuka la jana na bado asimwone kekeo aliyekaa mbele yake na suti. Nimeielezea tabia ya ndege yule kwa mkono wangu mwenyewe hapo juu, yai, kiota, kuimba mtini na yote, na sikushtuka. Nimecheka mpaka msimamizi amekuja tena kuangalia kama kuku amerudi.

Kwa hiyo naomba upuuze namba moja hadi saba. Ningeiandika upya lakini mkono umechoka na karatasi nzuri imekwisha. Sentensi ibaki kama ilivyo, na kama inawezekana iandikwe kwa herufi nene. Jina lisiguswe hata herufi, lichapwe upesi kabla mwenyewe hajamsoma kekeo mahali popote. Kuhusu namba nne, natamka rasmi kwamba ule ulikuwa uongo mtupu: chawa wale walitoka shuleni, kwa mtoto aliyekaa naye dawati moja, na kinyozi yuko tayari kuapa. Katika nyumba yangu hajawahi kulala chawa, na mwanangu sasa amelithibitisha kwa hadubini. Wanga utakuwa wa kawaida.

Kiti apewe Bwana Nipo Njiani. Nakuomba kisogezwe mbele kabisa, chini ya taa, ili suti ionekane. Mimi msinitafutie kiti. Mwanangu amesema mwenye nyumba hakai kwenye viti vya wageni. Nitasimama mezani pamoja naye, nikigeuza picha anaposoma. Nimekwisha kujaribu mashine ya kuzionyesha ukutani, ina kitufe kimoja tu, na nimemwagiza jirani yangu mshonaji anishonee gauni. Nimemsamehe. Mabega ya mzee aliyapima vibaya kidogo, anasema, kwa bahati mbaya.

Mzee akichelewa tafadhali msimngojee, mtaambiwa yupo njiani. Na ule mchoro wa nusu mgongo na nusu tumbo, nitaanza kuuonyesha kwa upande wa mgongo, kwa kuwa ndio upande wake tunaoufahamu zaidi nyumbani kwetu.